Waya, kartoni na numero ya matrikule

Uliza mtu mwenye alizaliwa mu kambi ya Gécamines, hata kama leo iko na mvi: matrikule ya baba yako ilikuwa ngapi? Atakuambia pale pale, bila kukosa hata chifre moja. Tarehe ya ndoa yake anaweza kuisahau, lakini ile numero haimutoke. Ilikuwa ku karte ya hospitali, ilikuwa ku kantine siku ya poso, ilikuwa mu makaratasi ya shule. Baba alikufa, kazi ikakwisha, nyumba ikabadilisha mwenyeji, numero ikabaki mu vichwa vya watoto.

Sisi wa sendika tunakutana na ile numero kila siku. Watu wanatuletea makaratasi mu mufuko wa plastiki: fishe za malipo zenye kukunjwa mara nane, karte zenye picha ilikwisha kufutika, barua ya mwisho wa kazi. Wengine wanaleta hata kaske ao gamela, kama vile shahidi. Tunapanga yote ku meza, tunasoma, tunauliza, na pole pole maisha ya mtu yanatokea: mwaka gani aliingia, nyumba gani alipewa, watoto wangapi, siku gani alitoka.

Kuko wasanii hapa Lubumbashi wenye kazi yao inafanana sana na ile meza. Wanakusanya vitu vya kila siku, waya, kartoni, picha za zamani, vyuma, wanavipanga mu chumba, na mtu akiingia anajikuta ndani ya maisha yetu sisi watumishi wa migodi. Majina yao yanajulikana Brussels, Paris na Venice. Mu Katuba na mu Ruashi, hapana sana. Leo tunapenda wasomaji wetu wawajue, na tuko na neno la kuwaambia wasanii pia.

Sawa matanga ya mutumishi

Kwa Kifaransa ile sanaa wanaiita installation. Si tableau ya kutundika, si sanamu ya kusimamisha peke yake. Ni kupanga vitu mupaka mahali yote igeuke kazi moja, na wewe mwenye kuja kuangalia unatembea ndani yake.

Kwa mtu wa hapa hii haiko kitu kigeni. Waza matanga ya mutumishi wa zamani. Mu salon wanatosha viti, wanaweka picha yake kubwa ku meza, pembeni kaske, medali ya kazi, Biblia, labda saa ya mukono yenye alivaaka. Mtu anaingia, hakuna mwenye anamuelezea, lakini anajua nani amekufa na aliishi namna gani. Msanii anafanya vile vile, ila yeye anaweza kuifanya kwa kampuni muzima, ao kwa muji muzima, na wenyewe bado wako wazima.

Tena muji wetu ulianza zamani. Mu miaka ya 70, nyumba nyingi za Lubumbashi zilikuwa na tableau mu salon: mamba muntu na nyoka yake, ao ile ya « Colonie belge » na mtu mwenye kupigwa fimbo mbele ya bibi yake. Wazee waliziita ukumbusho. Mupakaji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, mwenye alizaliwa 1947, alipaka historia ya inchi yetu yote, tangu wakati wa mababu mupaka Zaïre ya Mobutu, mu tableau 101. Alizifanya kati ya 1973 na 1974, akamuelezea moja moja Johannes Fabian, mwalimu wa universite, kwa Kiswahili chetu cha hapa, si kile cha vitabu. Na nguo yenye alipakia ilikuwa ya mifuko ya unga. Muwaze kidogo: mufuko wenye ulileta bukari ku nyumba njo ulibeba historia ya inchi.

Halafu mwaka 2000 universite ya Lubumbashi ilianzisha programu yenye jina Mémoires de Lubumbashi, pamoja na maprofesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Waliwaomba wenyeji wa muji watoe vitu vya nyumba zao na hadithi za vile vitu, vikaonyeshwa mu Musée national. Si vinyago vya wafalme, si ngao, hapana: vitu vya jikoni, vya salon, vya kazi. Kitabu chenye kilitoka mwaka 2001 kikachukua lile jina la wazee, Ukumbusho. Wakati ule watumishi wengi walikuwa wanamaliza miezi bila mushahara, na kusema kweli wengi hatukuwa na nafasi ya kwenda ku musée. Lakini wenye walienda walitoka wanacheka na wanalia pamoja: walilipa safari ya kwenda kuangalia sufuria yenye ilifanana na ya mama yao.

Mashini za kartoni

Mwenye tunampenda zaidi, tuseme wazi, ni Jean Katambayi Mukendi. Alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1974 na alisoma umeme. Alikulia mu mazingira ya watumishi, mahali pale saa ya usine njo ilikuwa saa ya watu wote: ekipe ya asubui, ekipe ya mangaribi, ekipe ya usiku, na hata mutoto mwenye hakujua kusoma saa alijua baba anarudi wakati gani. Na ile elimu ya umeme angeweza kupitisha maisha yake yote mu kuunganisha waya mu nyumba za watu. Alianza kujenga mashini. Ila mashini za kartoni.

Kartoni gani? Ile ile yenye televizio ilikuja nayo, yenye mama anapepetea mbabula, yenye watoto wa barabara wanalalia. Anaikata, anaikunja, anaibandika, anaweka ndani waya wa shaba na vipande vya radio na ordinatere zenye kufa. Inakuwa na magurudumu, na meno, na mikono. Fundi wa atelye akisimama mbele yake hawezi kuangalia tu kama mutalii. Anaanza kutafuta: nguvu inaingilia wapi? Inatokea wapi? Hii gurudumu inazungusha nini? Sawa vile tunafanyaka mbele ya konvoyere yenye kukwama. Ni sanaa yenye inasema na fundi mu luga ya fundi, na hii ni kitu ya nadra. Mara nyingi sanaa inasema na watu wa vin d'honneur.

Kuko mwingine mwenye alijenga na kartoni mbele yake, Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, mwenye alikufa mwaka 2015. Kingelez alijenga miji ya ndoto, mizuri, ya rangi nyingi, bila vumbi na bila deni, na mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA, lilimuonyesha peke yake. Lakini Kingelez alijenga miji yenye haiko. Katambayi anajenga ile yenye iko, na pale inaharibikia.

Ku makaratasi anachoraka pia ampule kubwa kubwa, anaziita Afrolampe. Ndani ya kioo, pahali pa ule uzi wa kuwaka, kuko mistari, pembe, miviringo, kama plan ya mashini yenye hakuna mwenye alikwisha kuijenga. Ku ukuta wa mutu wa Ulaya labda ni dessin nzuri tu. Kwetu ampule ni maneno mazito. Line ya umeme ya Inga mupaka Kolwezi, karibu kilometre 1,700, ilijengwa juu ya usine za shaba na kobalti. Ilifika ku mwanzo wa miaka ya 80. Inapita juu ya vijiji na vijiji vyenye mupaka leo vinawasha bujie na koroboyi. Na hapa mu Lubumbashi, mwenye anaishi mu Kenya ao mu Katuba anajua delestaji vile anajua jina lake. Shaba yenye inabeba umeme wa dunia inatoka chini ya miguu yetu, na mutoto wetu anafanya devoir na tochi ya telefone. Katambayi hapigi makelele juu ya ile. Anachora ampule tu.

Motokari ya waya

Kila mwanaume mwenye anasoma hii alikwisha kutengeneza motokari ya waya. Waya wa senyenge, magurudumu ya bibuyu ao ya bifuniko vya boite, na fimbo ndefu ya kuendeshea. Wengine walifanya mupaka sispansio. Ilikuwa shule ya kwanza ya mekanike, na mwalimu alikuwa mukubwa wako wa miaka kumi.

Mwaka 2019 Katambayi na wenzake wa hapa, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya, pamoja na wasanii wengine, walichukua ile akili ya watoto wakajenga motokari ya waya wa shaba yenye kipimo cha motokari ya kweli. Na si Toyota. Ni Tesla, ile ya Marekani yenye inatembea na batri. Ku jina la kazi waliweka neno « crash », aksida. Ilikuwa sehemu ya mupango wa Picha na wenzao wa Ubelgiji juu ya lithium ya Manono, kule Tanganyika, wenye walianza mwaka 2018 na waliuita On-Trade-Off.

Sisi wa sendika tuliwaza sana juu ya ile motokari. Wanatuambia kila siku kama dunia inabadilisha, kama petroli inaenda kwisha, kama batri zitaokoa hewa. Ni vizuri. Lakini batri inataka kobalti, na kobalti iko Kolwezi, iko Likasi, iko Kambove. Inataka shaba, na shaba iko hapa. Inataka lithium, na wanasema Manono. Basi ile motokari safi yenye inatembea bila moshi kule, moshi wake uko wapi? Creuseur mwenye anashuka mu shimo na tochi ku kichwa hajaona Tesla hata ku barabara ya Kasumbalesa, pale kunapita malori usiku na mchana. Ile ya waya njo Tesla ya kwanza yenye ilionekana hapa, na ilifanywa vile watoto wake wanafanyaka. Tunaona ni haki. Kama motokari ile ni ya shaba yetu na kobalti yetu, ni sawa ipite kwanza mu mikono ya kwetu, hata kama ni kwa kuichezea.

Mzee mmoja, fonderi wa zamani, tulimuonyesha picha ya ile motokari ku telefone. Aliangalia muda murefu, akauliza kilo ngapi za waya. Hatukuwa na jibu. Akasema: « Basi ile kazi itaenda kuishi Ulaya. Hapa bangeisha kuikata usiku. »

Nzi makumi tano

Sammy Baloji mwenyewe, alizaliwa hapa mwaka 1978, anajulikana zaidi kwa picha. Mwaka 2006 alifanya mufululizo wenye jina Mémoire. Alichukua picha za zamani za wakati wa Union Minière, nyeusi na nyeupe, akawatosha watu wenye wako ndani, akawaweka mbele ya usine zetu za leo zenye kutu, za rangi. Watumishi wa kwanza, miguu bila viatu, wanasimama mbele ya paa zenye zilianguka. Mwenye alifanya kazi mu zile usine haangalie zile picha kama historia. Anatafuta pale posti yake ilikuwa.

Tukumbushe watoto: Gécamines ilitosha karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 ilikuwa karibu 30,000. Ndani ya miaka minane! Zile paa zenye zinaonekana mu picha za Baloji zilianguka mu ile miaka minane, na si paa za usine peke yake.

Kazi yake ingine, ya mwaka 2013, tungetaka kila mwanafunzi wa hapa aione. Anapanga picha za Lubumbashi zenye zilipigwa tokea hewani, zinaonyesha ile « zone neutre », uwanja mutupu wa mita mia kadhaa wenye wakoloni waliacha katikati ya muji wa wazungu na cité ya weusi. Walisema mbu wa malaria hatavuka pale. Pembeni ya zile picha anaweka picha za wadudu, nzi na mbu, wenye kupangwa ndani ya sanduku za musée na kupigwa sindano. Kwa nini nzi? Kwa sababu ku mwisho wa miaka ya 1920, wakati wa vita ya nzi, mutumishi alipashwa kuleta nzi makumi tano wenye kufa mbele ya kupewa poso yake ya siku. Nzi 50, halafu unga.

Leo zone neutre ilikwisha kujaa: makazi, shule, kambi ya askari, maduka. Mwenye anatoka Kamalondo kwenda centre-ville anaivuka kila siku bila kujua kama anavuka mupaka. Kazi ya Baloji inakuambia: nyumba yako ilikuwa hapa kwa sababu mutu mumoja alipima mbu anaruka mupaka wapi.

Alifanya pia kazi na maganda ya obus, zile za vita kubwa za Ulaya. Shaba ya Katanga iliingia sana mu silaha za vita ya 1914–1918. Vita ikakwisha, maaskari wakarudi na yale maganda matupu, wakayachonga mapambo, yakawekwa mu salon za Ubelgiji kama vyombo vya maua. Baloji aliyakusanya akapanda ndani yake majani ya Afrika, yale yenye watu wa Ulaya wanapandaka mu nyumba zao. Basi shaba ilitoka hapa, ikaua kule, ikageuka chombo cha maua mu salon ya mutu, na yule mutu labda hakujiuliza siku moja. Salon yao na salon yetu ziko na ukumbusho mumoja, ila kila mutu iko na nusu yake.

Nyumba haiuzwe, nyumba inauzwa

Hapa tufike pale panatuuma zaidi.

Freddy Tsimba wa Kinshasa, mwenye anachomelea vyuma, alijenga nyumba na mapanga. Mapanga 999, ukuta kwa ukuta, mulango na yote. Ni nyumba yenye mutu hawezi kuegemea hata ukuta. Wengine walisema ni juu ya vita ya mashariki. Lakini mwenye alikwisha kuona ndugu wa baba mumoja wanagombania parcelle anaisoma namna ingine.

Na mwana wa Lubumbashi, Georges Senga, alizaliwa 1983, alifanya mwaka 2016 mufululizo wa picha wenye jina lake linatosha: Cette maison n'est pas à vendre et à vendre. Nyumba hii haiuzwe, na inauzwa. Tembea tu mu makambi na mu macité, utaona maandishi ku ukuta na rangi nyekundu: parcelle haiuzwe. Miezi sita nyuma, kuko mulango mupya na mwenyeji mupya.

Mwaka 2003 watumishi 10,655 wa Gécamines walitoka mu ule mupango wa « départs volontaires » wenye ulilipwa na Banque mondiale. Hatutaki kurudilia yote. Wasomaji wetu wanajua lile neno « volontaire » lilitafsiriwa namna gani mu nyumba zao. Kwa wengi, kitu chenye kilibaki ilikuwa ile nyumba ya kambi, vyumba viwili vitatu na paa ya tole. Mbele ya pale nyumba ilikuwa ya kazi: ukifukuzwa ku kazi, unafukuzwa ku nyumba. Halafu ikawa ya mutu. Sasa wale baba wanakufa, na kila mwezi tunapokea mafamilia yenye yanagombana. Mutoto wa kwanza anataka kuuza, kwa sababu iko Kinshasa ao Ndola na hana nia ya kurudi. Mama mujane anakaa mu chumba cha nyuma. Wajomba wanaleta mashahidi. Sisi hatuko tribunali. Tunawakalisha, tunawapa maji ya kunywa.

Na siku nyumba inauzwa, vitu vya ndani vinaenda wapi? Kitanda, viti, sawa, watoto wanagawana. Lakini gamela, taa ya mgodi, bote, plake ya matrikule, picha ya ekipe mbele ya furu ya kwanza, ile mashini ya kushona yenye mama alijifunzia ku foyer social? Mutu wa mitraille anapita na pusipusi yake, anapima, analipa kwa kilo. Shaba iko na bei yake, chuma iko na bei yake, aluminium iko na bei yake. Picha haina bei, anaiachaka chini.

Sisi njo tunaona hii kila wiki, na njo sababu tunaandika juu ya wasanii mu gazeti la watumishi. Archive ya kampuni iko na makaratasi ya kampuni. Inajua tani ngapi zilitoka. Haijui baba alikuwa anafunga gamela na kipande cha kitambaa gani. Wenye wanajali ile leo ni wasanii hawa na maprofesa wachache, na umri wa wazee hauwangojee.

Neno letu kwa wasanii

Picha, chama chenye Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha, kimeleta Biennale ya Lubumbashi tangu mwaka 2008. Mudekereza iko na Centre d'art Waza pia. Picha, Waza: majina ya Kiswahili, tunawashukuru. Biennale ya 2022 ilichukua neno toxicité ikalivunja vipande viwili ili « cité » ionekane ndani. Mutu mwenye anaishi chini ya upepo wa terril haitaji kuelezewa.

Lakini kama majina ni ya Kiswahili, na maelezo yakuwe ya Kiswahili. Mama mwenye anauza sombe ku soko ya Kenya anajua kusoma Kiswahili, na iko na mengi ya kusema juu ya kartoni kushinda profesa. Karatasi ya ukutani ya Kifaransa peke yake inamuambia mulangoni: hii haiko yako.

Tena kazi zitoke katikati ya muji. Kuko masal ya zamani mu makambi, kuko foyer, kuko viwanja vya mupira vyenye ukuta. Vyumba vinataka kufagiliwa tu. Motokari ya waya ingesimama wiki moja mu kambi, tungeweka vijana wa kuilinda usiku na usiku (yule fonderi wa zamani tungemupa zamu ya kwanza).

La tatu ni majina. Wale watu wenye wako mu picha za zamani walipigwa na kampuni, na kampuni haikuandika majina yao. Iliandika kazi, mahali, mwaka, mara zingine hata ile hapana. Msanii anapowachukua, anawatosha mu archive, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini wanafika Venice bila jina vile walitoka Élisabethville bila jina. Picha za miaka ya 50 na 60, kungali wazee wenye wanaweza kusema: huyu alikuwa jirani yetu, huyu alikufa ku mgodi wa Kipushi, huyu bibi yake alitoka Kasai. Tuleteeni zile picha. Tuko na benchi, tuko na wazee, tuko na kayé ya kuandikia.

Haya matatu tulisoma mbele ya wanamemba mu mukutano wetu, kwa kujua wanasema nini. Wengi walikubali. Halafu mama mujane mumoja akasimama. Bwana yake alikuwa fundi wa umeme, anachunga mupaka leo kaske yake na pense zake mu sanduku chini ya kitanda. Akasema: « Ba baba, mimi nimesikia. Ile kaske naweza kuwapa bale batoto baiweke mu maonyesho yao. Lakini ikiisha kupanda ndege, ikaenda Ulaya, watu wakalipa tikete juu ya kuiangalia, mimi nitapata nini? Na bataandika jina ya nani pale chini? »

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Mwenyekiti alimuambia ni ulizo nzuri. Mwandishi aliliandika mu kayé jinsi lilivyo, na sehemu ya pili alipigia mustari chini. Tutalipeleka. Mama alisema kaske itabaki kwanza mu sanduku, na tukaingia mu ajenda ya pansio.